Majina Niliyoyakwangua

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Ukiniambia kumekucha, nachungulia dirishani kwanza. Tabia hii sikuipata chuoni wala kwa mume. Niliipata dukani kwa baba, Kariakoo, nikiwa bado navaa sare ya shule.

Baba alishuka kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, akaanza kwa kutandaza chini, na nilipopata akili alikuwa na fremu mbili za duka la vyombo vya nyumbani, anauza jumla. Kazi yangu baada ya masomo ilikuwa kukwangua. Mzigo ukiingia, kabla katoni haijafika mbele ya mteja, nilichukua wembe nikaondoa kila karatasi yenye jina la mfanyabiashara aliyeuagiza kutoka nje na namba yake ya simu. Palipogoma niliweka maji kidogo, nikasugua kwa kidole. Baba alikagua mwenyewe. Akikuta hata nusu ya namba imebaki, siku hiyo nyumbani hapakaliki.

Sababu aliieleza mara moja tu. Mteja wa Mtwara akiiona namba ile, safari ijayo atakuruka, ataenda moja kwa moja kwa mwenye mzigo, na wewe utabaki unapunga nzi. Mahali unapotoa mzigo wako panaitwa chimbo. Kariakoo unaweza kumuuliza mtu dini yake, kabila lake, hata ugomvi wake na mkewe, akakueleza kwa kicheko. Muulize chimbo lake uone atakavyokukodolea macho!

Nikakua hivyo. Nilipomaliza chuo nilimwambia baba kwamba vyombo basi, naingia kwenye muziki wa simu. Akaniuliza muziki wa simu unawekwa kwenye katoni gani. Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu nilisoma naye, mtu wa Songea, mpole hadi anakera, na ndiye aliyejua kutengeneza programu. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafuta nyimbo na kugombana na watu. Tulipanga chumba ghorofa ya tatu, Mtaa wa Sikukuu, juu ya stoo za mashuka, tukanunua redio kaseti mbili kwa fundi mmoja wa Buguruni. Tulichukua nyimbo za zamani za dansi na taarabu zilizokuwa zinaozea kwenye makabati ya watu, tukazihamisha kutoka kwenye kaseti kwenda kwenye kompyuta, tukazisafisha mikwaruzo. Mtu akilipia kwa simu, wimbo unamfikia. Akitaka, anauweka uwe ndio unaosikika kwa wanaompigia kabla hajapokea. Wateja wetu walikuwa kina mama wa kitchen party, zile sherehe za kumfunda bibi harusi, maana wao wakitaka wimbo fulani, ndio huo huo, hutawadanganya na mwingine.

Hao kina mama ndio walionifikisha kwa bibi mmoja.

Kulikuwa na wimbo mmoja waliupenda kupita kiasi, wa mwanamke anayemdai jirani yake kanga aliyomwazima. Anamdai kwa adabu, kisha kwa mafumbo, mwishowe kwa matusi ya kupaka sukari. Kila sherehe waliuimba kwa mdomo tu kwa sababu hakuna aliyekuwa nao. MC mmoja wa sherehe hizo akaniambia aliyeuimba yu hai, yuko Buguruni, amepanga chumba nyuma ya gereji. Nikaenda.

Nilimkuta amekaa kibarazani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja na habari za mikopo, mimi sikopi."

Nikampenda hapo hapo. Nikamweleza nilichofuata. Akaingia ndani, akatoka na kaseti ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kwenye jalada palikuwa na picha ya bendi: wanaume tisa wamevaa suti za Kaunda, na pembeni mwanamke aliyekatwa mkono na ukingo wa karatasi. Majina ya wanaume yote yaliandikwa, mpaka la dereva wa gari la bendi. La yule mwanamke halikuwepo.

"Wimbo nilitunga mimi," akasema. "Nikauimba mimi, nina mimba ya miezi saba, nimesimama kutwa nzima. Kiongozi akaniambia jina litaingia kwenye toleo linalofuata. Toleo lenyewe ndilo nalisubiri mpaka sasa."

Alikuwa ametoka Lindi na mume aliyekuja kubeba mizigo bandarini. Mume alishafariki, bendi ilishavunjika. Wajukuu zake walikuwa wanamtania, wanamwita Bibi Staa, na wapangaji wenzake wakadakia. Hakuna aliyemwamini. Aliniambia hayo huku anatupa mawe ya mchele uwanjani kwa hasira, moja moja.

"Pesa utanipa ukipata," akasema. "Usipopata, basi. Lakini jina langu liandikwe. Yote matatu, langu na la baba na la babu. Nataka mtu akishika simu alione."

Nikamwahidi. Na nililiandika kweli, siku ile ile, mwenzangu akiwa shahidi. Wimbo ukaingia kwenye orodha yetu na majina matatu kamili, na ndani ya mwezi ukawa ndio unaoombwa kuliko yote.

Ndipo wakubwa wakatuona. Ilikuwa kampuni ya simu, kubwa, jina lake niliache. Walituita ofisini kwao Posta, kwenye ghorofa yenye lifti inayokusalimia. Tulipewa vitambulisho vya wageni vya kuning'iniza shingoni, tukaletewa chai na biskuti ndogo ambazo mtu mzima unazionea aibu kuzitafuna. Dada wa mikataba alikuwa mchangamfu, anaongea haraka, anatuita "wabunifu wetu". Walitaka nyimbo zetu zote ziingie kwenye huduma yao kwa mwaka mmoja, mapato tugawane. Mwenzangu alitabasamu mpaka masikio yakasogea. Mimi chai sikuinywa.

Kisha akatusogezea jedwali la kujaza. Jina la wimbo. Jina la mwimbaji. Jina la mtunzi. Anapoishi. Namba yake ya simu.

Hawa wanataka chimbo langu! Nilijiona nimekaa miezi kumi nazunguka Temeke, Magomeni, Buguruni, naokota wazee mmoja mmoja, halafu hawa wanipokonye kwa karatasi moja. Wakishazipata namba, watawapigia wenyewe, wataturuka. Nilimwambia tutalijaza ofisini kwetu.

"Ni kawaida," mwenzangu akasema tulipokuwa tunashuka. "Kila kampuni inaomba hivyo."

"Kawaida kwa nani?"

Siku iliyofuata nilikaa kwenye kompyuta tangu baada ya chakula cha mchana hadi adhana ya magharibi. Niliondoa majina yote. Sikuishia kwenye jedwali. Niliingia ndani ya kila faili la wimbo, pale ambapo jina la mwimbaji huandikwa likasafiri pamoja na sauti, nikafuta. Badala yake niliandika Msanii wa Zamani, na namba. Bibi akawa Msanii wa Zamani wa arobaini na moja. Kwenye anapoishi niliandika Tanzania.

Mwenzangu alisimama nyuma yangu, anasoma.

"Bibi alikwambia nini kuhusu jina?"

"Nitalirudisha. Tuwajue kwanza hawa ni watu gani."

"Huyo ni mtu. Si katoni."

Nikageuza kiti. "Wewe wamekupa nini mpaka unawatetea?"

Nilisema hivyo, kavu kavu. Akatoka nje, na mkataba tukausaini wiki hiyo hiyo, yeye akiwa hanitazami. Jedwali nililisaini mimi peke yangu, kila ukurasa. Nilijiona mjanja, na kusema kweli nilifurahi sana.

Wimbo wa kanga ukalipuka. Kampuni ikauweka kwenye tangazo lake. Gari la matangazo likawa linapita Msimbazi na spika nne, sauti ya bibi inadai kanga yake katikati ya makelele ya machinga, na watu wanaitikia kiitikio huku wanapanga viatu. Ukimpigia mtu benki, unaisikia. Ukimpigia fundi bomba, unaisikia. Na ukiutazama kwenye simu, chini ya jina la wimbo pameandikwa: mwimbaji hajulikani. Mfumo wao ulikuwa haukubali namba mahali pa jina la mtu, ukabadilisha wenyewe.

Ningeweza kulirudisha jina wakati ule. Nilijiambia nisubiri mwaka uishe, tusaini upya, nikiwa na nguvu. Bibi alinipigia mara mbili kuuliza kama limeshaandikwa, nikamwambia wakubwa wana taratibu zao.

Mwaka ukaisha, hawakusaini upya. Walituandikia mistari minne ya kutushukuru. Nyimbo nyingine wakazitoa, lakini ule wa kanga na nyingine kadhaa zilizokuwa zinapendwa hawakuzitoa. Mkataba ulikuwa na kifungu kwamba kazi ambayo mwimbaji wake hajulikani, kampuni itaendelea kuitumia mpaka mwenyewe ajitokeze na kuthibitishwa. Kifungu kile nilikisoma siku ya kusaini. Nilidhani kinahusu nyimbo za watu wengine.

Nikaanza vita. Niliandika barua za kudai nyimbo zetu, nikazipeleka kwa mkono, nikapigiwa mihuri. Nilikaa kwenye kochi la mapokezi Posta hadi mlinzi akanizoea. Bosi yuko kikaoni. Bosi amesafiri. Bosi ni mpya, mpe muda. Nilimshuku dada wa mapokezi kwamba anazificha barua zangu, nilimshuku mlinzi kwamba anawatonya nikifika. Nikamrudia mwenzangu. Nikamwambia wamejuaje nyimbo zipi ni za kushikilia na zipi za kuachia, kama si wewe uliyewapa takwimu zetu? Akatoa ufunguo wa ofisi kwenye mkufu wake wa funguo, na kucha zikamsumbua kuufungua ule mduara, nami sikumsaidia.

"Ningekuwa nimefanya, ningekuomba radhi," akasema. "Sijafanya, kwa hiyo naondoka."

Kwa bibi nilisema kampuni imeiba. Ndiyo maneno yangu hayo: wameiba, wamelifuta jina lako, lakini usijali, nitapambana nao. Akaniombea dua. Akawaambia wapangaji wenzake kwamba ana mtetezi wake mjini.

Siku waliyoniita ndani hatimaye, dada wa mikataba hakuwa na uchangamfu wa zamani. Aligeuza kompyuta yake inielekee. Lilikuwa jedwali langu, na sahihi yangu kila ukurasa.

"Sisi tuliandika ulichotuletea, dada yangu. Nani aliyafuta majina?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Akaniwekea karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa mkataba mpya wa miaka mitatu, mnono, kwa sharti kwamba kampuni yangu ithibitishe ilizipata nyimbo zile bila kuwajua waimbaji. Ya pili ilikuwa kiapo cha kutia sahihi mbele ya wakili: kwamba niliwajua wote, niliyafuta majina kwa makusudi, na haya hapa majina yenyewe. Wakikipokea wataandika majina, na watawalipa waimbaji moja kwa moja. Ila kampuni yangu itafutwa kwenye orodha ya wanaofanya nao kazi, kwa kutoa taarifa za uongo, na kampuni nyingine za simu zitajulishwa.

"Kwa nini mnanipa nichague?" nikamuuliza.

"Kwa sababu umetuchosha," akasema.

Sikumwamini. Mpaka leo sijui walikuwa wanataka nisaini ipi. Labda walikuwa na hofu ya magazeti, labda walinijua kwamba nitachukua ule mkataba mnono. Niliziweka karatasi kwenye mkoba, nikatembea kwa miguu kutoka Posta hadi Kariakoo juani, napiga mahesabu ya hila zao, na kila nilipofika mwisho wa hila nilijikuta mimi mwenyewe na ile kompyuta niliyofutia majina.

Baba alikuwa dukani, anapanga sufuria. Nikamweleza.

"Chukua mkataba," akasema bila kusimama. "Huyo bibi mpelekee doti mbili za kanga na mfuko wa mchele. Atafurahi. Atajuaje?"

Nilimpenda baba yangu, nampenda bado. Lakini siku ile nilimwangalia akipapasa karatasi iliyobandikwa chini ya sufuria, anaing'oa kwa ukucha huku anaongea nami. Nikamwambia nitarudi. Nilikwenda Buguruni.

Wapangaji waliponiona walishangilia. "Mwanasheria wa bibi kafika!" Nikaletewa kigoda. Bibi akatoka amejifunga kanga mpya, ananitazama usoni kutafuta habari njema. Niliwaomba watupishe. Wakasogea hatua tatu, kwa heshima, wakabaki wanasikia.

"Bibi, jina lako hawakulifuta wao. Nililifuta mimi."

"Ulilifuta wewe."

"Ndiyo."

"Kwa bahati mbaya?"

Alinipa nafasi, jamani. Alinifungulia mlango kabisa, ningeingia na angenipokea.

"Hapana. Makusudi. Niliogopa wakijua ni wewe, watakutafuta wenyewe, waniruke."

Alikaa chini taratibu kwenye kizingiti. Hakupiga kelele. Nilitamani angepiga.

"Wangenitafuta mimi?" akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Tangu mtoto wangu wa kwanza yuko tumboni mpaka leo ana wajukuu, hakuna aliyekuja kunitafuta. Hata mmoja." Alisema kwa mshangao, kama anayeelezwa habari za mtu mwingine. "Na wewe ukaogopa nisije nikatafutwa."

Nikalia. Yeye hakulia. Alinyanyuka akaniletea maji ya kunawa uso, akaingia chumbani, akarudisha pazia. Nilinawa, nikakiacha kigoda pale pale, nikatoka.

Kesho yake nilisaini kiapo, mbele ya wakili mmoja anayekunywa soda kwa mrija wakati anagonga mihuri. Ile karatasi nyingine niliirudisha bila alama. Nilimtumia mwenzangu kwa simu nakala ya kiapo, pamoja na barua ya kumwomba radhi. Aliisoma, najua, kwa sababu alama ya kusomwa ilitokea kwenye simu. Hakujibu. Wiki mbili baadaye nilipata barua ya kufutwa, na mwisho wa mwezi nikarudisha chumba cha Mtaa wa Sikukuu kwa mwenyewe. Zile redio kaseti aliyezinunua ni yule yule fundi aliyeniuzia, na alizitajia bei ya dharau.

Majina yaliandikwa. Nilikuwa naangalia kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki, na kila asubuhi nilijiambia walinidanganya, wamepata kiapo changu na hawataandika kitu. Siku moja nikaangalia na jina la bibi lilikuwepo. La kwake, la baba yake, la babu yake, chini ya wimbo wa kanga.

Nikakimbilia Buguruni na pikipiki. Bibi alikuwa uwanjani, anaanua nguo. Nilimsalimia, akaitikia. Nikampokea nguo, nikamwekea simu mkononi, nikamwonyesha mahali. Macho yake yalikuwa na ukungu, herufi ndogo alikuwa hazioni tena. Aliisogeza simu karibu na pua, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Pameandikwa hivi, bibi," nikaanza, nikamwekea kidole kwenye jina la kwanza.

Akanizuia kwa kiganja. Hakukasirika, alinizuia tu. Akageuka akamwita mama anayekaanga samaki upande wa pili wa uwanja. Mama akaja anajifuta mafuta kwenye kanga.

"Hebu nisomee hapa," bibi akamwambia.

Mama akasoma. Majina matatu, taratibu, kwa sauti. Bibi akamwambia asome tena. Akasoma tena. Kisha bibi akaichukua simu, akaenda nayo kwa mke wa mpangaji mwenzake, mlango wa tatu, naye amsomee, na kutoka pale akavuka kwenda gereji. Mimi nilibaki kwenye kamba na nguo zake mkononi, nasikia jina lake linasomwa na watu mbalimbali, na hakuna mahali alipogeuka kuniuliza mimi.